Ngitili Iliyoonekana Kama Udongo Mweupe

Doa lilikuwa na ukubwa wa kiganja changu. Lilikaa katikati ya ramani, jekundu, na kila aliyepita karibu na meza alisimama kulitazama. Bosi wetu, mjiolojia mwenye ndevu fupi asiyetengana na kikombe cha chai, alikiweka kikombe chini akaligusa kwa kidole.

"Mwalimu," aliniambia, "hapa umetupatia. Jumatatu naleta tingatinga."

Ilikuwa Jumanne. Nilicheka kama mshindi. Ramani ile niliitoa mimi, kwa programu niliyoiandika mimi, na ilikuwa mara ya kwanza bosi kuisifu kazi ya kompyuta bila kuongeza neno "lakini".

Waliniita Mwalimu kwa kuwa nilikuwa mwalimu kweli. Nilifundisha hisabati sekondari hapo Shinyanga, kisha nikaenda kusomea kompyuta Dar es Salaam. Niliporudi, katika miaka ya tisini, mji ulikuwa umeanza kujaa watu waliotafuta dhahabu bila kushika jembe. Kampuni moja ndogo ya utafiti ilipanga vyumba viwili juu ya duka la vitambaa la mfanyabiashara wa Kihindi, ikatafuta mtu wa kukaa na kompyuta. Nikakaa nayo mimi.

Kazi yetu ilianzia angani. Ndege ndogo ilipita juu ya ardhi na kamera isiyo ya kawaida tumboni. Jicho la mtu linaona rangi chache tu: nyekundu, kijani, buluu na michanganyiko yake. Kamera ile ilikata mwanga huohuo vipande zaidi ya mia moja, vingi vikiwa vya mwanga ambao jicho haliuoni kabisa. Kila nukta ya picha, ambayo ardhini ilitosha nyumba ndogo, ilikuja na orodha ndefu ya namba. Ukizichora namba hizo unapata mstari wenye vilima na mabonde. Mwamba una mstari wake, jani bichi lina mstari wake, na udongo mweupe, ule laini kama wa kufinyangia, una bonde dogo upande wa mwisho ambalo ukishalizoea huwezi kulisahau.

Udongo mweupe ndio tuliokuwa tukiutafuta. Zamani sana maji ya moto yalipenya kwenye nyufa za miamba ya huku kwetu, yakaipika miamba hiyo mpaka ikalainika ikawa udongo mweupe, na mara nyingi dhahabu ilipita kwenye nyufa hizohizo. Anayeona udongo huo hajaona dhahabu. Ameona mlango ambao dhahabu huenda iliupitia.

Nukta zilikuwa mamilioni, na hakuna mtu angeweza kusoma mistari yote hiyo kwa macho. Ndipo nikautengeneza mtandao wa neva. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni hesabu ndogondogo nyingi zilizopangwa kwa tabaka. Tabaka la kwanza linapokea namba za nukta moja, linazipima, linapeleka majibu kwa la pili, na hivyo hivyo hadi la mwisho, ambalo hutamka jina: udongo mweupe, mwamba, udongo mwekundu, majani mabichi, maji. Mwanzoni mtandao unabahatisha tu. Unauonyesha nukta unayoijua, unauambia "hapana, huu ni mwamba", na vipimo vyote ndani yake vinasogea kidogo. Ukirudia mara maelfu, kubahatisha kunageuka kuwa kujua. Nimefundisha kidato cha kwanza, na tofauti niliyoiona ni ndogo, ila mtandao hauombi ruhusa ya kwenda chooni.

Niliufundisha kwa picha ya vilima vya Geita, iliyopigwa mwishoni mwa mvua. Kikosi chetu cha sampuli kilitembea kule kwa miguu, kikaandika daftarini kila mahali pana kitu gani, nami nikautumia ujuzi wao kama vitabu vya darasa. Ukafaulu vizuri. Tulipokwenda kuhakiki, pale tulipoambiwa pana udongo mweupe tuliukuta udongo mweupe. Mwezi wa saba ndege ikaruka tena, safari hii juu ya Samuye, karibu zaidi na mjini. Nikauchukua mtandao uleule, nikaupa picha mpya. Ukatoa lile doa, jekundu ikiwa ndiyo rangi niliyoupa udongo mweupe.

Siku iliyofuata, Jumatano, kiongozi wa kikosi cha sampuli alipanda ngazi za duka na vumbi lake lote. Alikuwa mzee mrefu, mzaliwa wa Samuye, ambaye alijua udongo kwa kuukanyaga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akainama juu ya ramani.

"Nani kachora hii?"

"Mimi, mzee. Yaani mashine."

"Basi mashine yako ina kiu. Hapa siyo udongo mweupe. Hapa ni ngitili ya yule mama mjane wa ng'ombe wengi. Chini ni mbuga tupu, udongo mweusi unaopasuka."

Bosi alisikia kutoka chumba cha pili, akaja na kikombe chake. "Uliingia ukaona?"

"Sikuingia."

"Sasa umejuaje?"

"Ng'ombe wananiambia."

Tulicheka wote watatu, lakini mimi nilicheka kidogo kuliko wenzangu. Nimezaliwa Usukumani na ninajua ngitili ni nini. Ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia, hakuna anayekata nyasi, hata njia ya mkato haipiti. Nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kinapobana, kila mahali pamebaki vumbi, ndipo inafunguliwa, kwanza kwa ndama na ng'ombe wanaonyonyesha. Kwa mama yule kufunguliwa kulikuwa mwezi wa tisa. Tingatinga likipita Jumatatu na kuchimba mitaro ya kuvuka ngitili nzima, ndama wake wasingekuwa na cha kula mpaka mvua zirudi. Na mkono ulioelekeza tingatinga ulikuwa wangu.

"Bosi," nilisema, "tusubiri kidogo."

"Tingatinga limeshatoka Mwanza, Mwalimu. Siwezi kulirudisha halijagusa ardhi. Mzee anasema siyo hapa, sawa. Mashine inasema ni hapa. Usiniambie tu nisichimbe wapi, niambie nichimbe wapi. Una hadi Jumapili."

Nilianza na jambo rahisi. Picha mbili za ndege hazipigwi chini ya hewa moja. Kule Geita mvua zilikuwa zimeosha anga, na Samuye kulikuwa na vumbi na moshi wa mashamba yaliyochomwa. Mwanga ulifika kwenye kamera ukiwa umechujwa tofauti. Ni kama kumtambua mtu kwa sauti yake wakati ameugua mafua. Nilihitaji kitu kilekile kilichoonekana katika picha zote mbili, ili nipime hayo mafua. Nikakipata: barabara ya changarawe nyekundu. Changarawe ya Geita na ya Samuye karibu ni moja. Nikalinganisha mistari yake, nikarekebisha picha yote ya Samuye ifanane na mwanga wa Geita, nikauuliza mtandao upya. Kingo za ramani zikatulia, makosa mengi madogo yakafutika, nikapiga makofi peke yangu. Doa halikusogea hata kidogo.

Alhamisi nikatumia sampuli za hapohapo Samuye. Kikosi kilikuwa kimeleta nukta arobaini mwanzoni mwa mwezi, zilizoandikwa vizuri. Hapa naomba nieleze, kwa kuwa ndipo kazi yote ilipo. Mwanafunzi akihama kutoka Geita kuja Shinyanga humrudishi darasa la kwanza. Kusoma anajua. Kinachompungukia ni mambo machache ya huku. Kwa hiyo tabaka za mwanzo za mtandao, zilizokwisha kujifunza kusoma mabonde na vilima vya mwanga, nilizifunga zisibadilike. Nikaacha wazi tabaka la mwisho tu, lile linalotamka majina, nikalifundisha kwa zile nukta arobaini. Nukta arobaini zisingetosha kamwe kuulea mtandao mchanga, lakini zingeweza kumzoesha mgeni.

Somo lilichukua saa nyingi. Umeme wa siku hizo ulikuwa ukipungua nguvu mchana, picha kwenye kioo cha kompyuta inasinyaa, na mara mbili kompyuta ilizimika katikati. Mwenye duka alipanda kuangalia kwa nini nasonya.

"Wewe Mwalimu, ukisonya hivyo wateja wangu wanadhani kitambaa kina kasoro."

"Umeme, baba. Unaninyonga."

Alishuka ngazi. Baada ya muda nikasikia feni zote za dukani zinasimama. Alikaa pale chini mpaka jioni akijipepea kwa kipande cha boksi, na alipoulizwa na mteja kwa nini kuna joto, alijibu kwamba juu kuna mtoto anafanya mtihani.

Mtihani ulifeli. Doa lilirudi jekundu zaidi na kingo zake zikiwa kali zaidi, kana kwamba mtandao umepata ushahidi mpya wa uongo wake. Sikuelewa. Nilikuwa nimeufundisha kwa sampuli za palepale.

Kwa kukosa la kufanya nikachukua kalamu, nikaanza kuweka alama kwenye ramani, moja moja, kila mahali ambapo sampuli zile arobaini zilichukuliwa. Nilipofika ya thelathini hivi mkono wangu ulisimama. Alama zilikuwa zimelizunguka doa pande zote, kama watu wanaotazama ngoma. Ndani ya doa hapakuwa na hata moja.

Mzee wa sampuli alikuwa verandani akikarabati kiatu. Nilimwita.

"Mzee, mbona hamkuingia hapa?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mbona hakuingia chumbani kwa mkwewe. "Mwalimu, umezaliwa wapi wewe? Ngitili iliyofungwa inaingiwa? Ukikamatwa unaitwa mbele ya baraza la kijiji, na mimi pale ni mtu mzima nina heshima zangu."

"Na Geita?"

"Geita nako tulikutana nazo mbili tatu. Tulizunguka."

"Mbona hamkuandika daftarini kwamba mmezunguka?"

"Utaandikaje kitu ambacho kila mtu anakijua?"

Nilikaa chini kwenye ngazi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akanifuata, ingawa hakujua bado tunacheka nini. Kosa lilikuwa letu sote. Kikosi kizima kilikuwa cha vijana na wazee wa Kisukuma, wenye adabu, waliolelewa kuzunguka malisho ya watu. Mimi mwenyewe, mtoto wa mfugaji, nilipokea madaftari yale na sikuliona pengo, kwa sababu hata akilini mwangu nilikuwa nimezunguka. Mgeni kutoka nchi nyingine angeingia moja kwa moja, akakanyaga nyasi, akaandika, na kosa lisingetokea. Angeitwa barazani, ndiyo, lakini ramani yake ingekuwa sahihi.

Kwa hiyo mtandao haukuwahi hata siku moja kuonyeshwa nyasi ndefu zilizokauka zikiwa zimesimama. Geita nyasi zilikuwa bado mbichi, Samuye nje ya ngitili zilikuwa zimeliwa zote. Na mtandao una udhaifu ambao mtoto hana. Mtoto akiona kitu kigeni atauliza. Mtandao hauulizi. Ukiupa majina matano utachagua moja kati ya hayo matano hata ukiuonyesha tembo. Nilikwenda kwenye namba za doa nikauchora mstari wake. Kumbe nyasi kavu nazo zina bonde lake, jirani kabisa na bonde la udongo mweupe, pana kidogo na limesogea kushoto. Mtandao uliona bonde upande huo, ukatafuta jina la karibu, ukasema udongo mweupe. Haukudanganya. Ulijibu kwa maneno tuliyoufundisha.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Samuye, mimi na mzee, na kifaa cha GPS mkobani. Vifaa vya siku zile vilikosea kwa upana wa uwanja wa mpira, hivyo sampuli za pembezoni zisingetufaa. Tulihitaji kufika katikati ya ngitili, mahali ambapo mguu haujapita tangu mvua.

Mama tulimkuta anapeta mtama. Nilimsalimu mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani kwetu, za ng'ombe wetu, za mvua yetu, kisha akamgeukia mzee.

"Na wewe umekuja na watu wa vijiti?"

Aliionyesha ngitili. Mtu wa kampuni alikwisha kupigilia vijiti vyenye utepe mwekundu pembezoni. Sikuficha. Nilimweleza kwamba kuna mashine inayotazama ardhi kutoka juu, kwamba imesema hapa pana udongo mweupe, na kwamba naamini imekosea, lakini siwezi kuirekebisha bila kuingia ndani.

"Mashine yenyewe haijui nyasi?"

"Haijawahi kuziona, mayu. Hatukuionyesha."

"Watu wazima na akili zenu." Aliweka ungo chini. "Nyie mnataka kuvunja ngitili ili muiokoe."

"Hatuvunji," mzee alisema haraka. "Tunaomba."

"Wewe nyamaza. Mwaka ule ng'ombe wako wawili waliingia, nani alikuja kuomba?"

Mzee akatazama viatu vyake. Nilimuuliza mama alitaka tufanyeje. Alifikiri, akasema tutaingia, lakini yeye atatangulia na sisi tutakanyaga alipokanyaga yeye, mstari mmoja, bila sigara, bila kukata kitu, na mwenyekiti wa kijiji aitwe kushuhudia ili kesho asiambiwe amefungua kabla ya wakati. Mwenyekiti akaja. Tukaingia watu wanne kama siafu, nyasi zikitufika kifuani, zenye rangi ya mkate uliookwa. Nilichukua nukta kumi na mbili. Kila niliposimama mama naye alisimama, akanisubiri, akaniuliza, "Imeona?" nami nikajibu, "Itaona." Mzee alichoma ardhi kwa chuma chake cha sampuli mahali pamoja, akatoa udongo mweusi tii, akamwonyesha mwenyekiti kama mtu aliyekuwa akidaiwa ushahidi tangu Jumatano.

Jumamosi niliongeza jina la sita katika tabaka la mwisho: nyasi kavu. Nukta saba za ngitili nikazitumia kufundishia, tano nikazificha kwa ajili ya mtihani. Nikazichanganya na sampuli za zamani za Geita, maana mwanafunzi anayejifunza mambo ya Shinyanga tu anaweza kusahau ya kwao. Mwenye duka alizima feni bila kuombwa. Bosi alikuja kukaa nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, chai yake ilipoa.

Nikaanza na zile tano zilizofichwa. Nyasi kavu. Nyasi kavu. Nyasi kavu. Nyasi kavu. Nyasi kavu. Nikaujaribu mtandao kwa picha ya Geita, nao ukajibu vilevile ulivyojibu mwanzo, haukusahau kitu. Kisha nikaiomba ramani nzima ya Samuye. Kioo kilijichora mstari kwa mstari kutoka juu, na kilipofika katikati, pale palipokuwa na doa, ilitoka rangi ya njano tupu, rangi ya nyasi kavu, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Limekwenda," bosi alisema. Halafu akasogea mbele. "Na hiki ni nini?"

Nje ya ngitili, upande wa mashariki, kwenye mwinuko wa mawe ambao hata mbuzi hawakuupenda, palibaki uzi mwekundu. Ulikuwa mwembamba, umenyooka kana kwamba mtu ameuchora kwa rula. Ulikuwepo tangu ramani ya kwanza, lakini doa lilikuwa linatuita kwa sauti kubwa hivi kwamba hakuna aliyeusikia. Nilichora mstari wa mwanga wake. Bonde lilikuwa dogo, kali, mahali pake hasa.

"Chimba hapa," nilimwambia.

Alinitazama kwanza mimi, ndipo akatazama kioo. "Na tukikosa?"

"Tukikosa utanirudisha nikafundishe kidato cha kwanza."

Jumatatu tingatinga lilipita kando ya ngitili bila kugeuza shingo, na mzee wa sampuli mwenyewe akaving'oa vile vijiti vyenye utepe, kimoja kimoja, akavibeba begani. Wenye mwinuko ule wa mawe walikuwa wamekubali siku iliyotangulia. Walisema kama tunataka mawe yao tuchukue yote. Mtaro wa kwanza ulitoa changarawe nyekundu, kisha mwamba uliooza. Nilisimama na mikono kichwani. Kwenye kina cha bega la mtu, jino la tingatinga liligeuza bonge ambalo lilipasuka na kuwa jeupe ndani kama ugali wa sembe, na mishipa ya jiwe angavu ikilikata.

Mzee alirukia ndani ya mtaro kabla mashine haijasimama vizuri. Alichukua udongo ule akaufinyanga, akaupaka kwenye paji la uso, akapiga kelele kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika. Bosi alinishika mkono akautikisa, akausahau mkononi mwake. Majuma kadhaa baadaye maabara ilituthibitishia kwamba dhahabu imo, na kampuni ikaupeleka mtandao wangu katika picha ya tatu, ya nne na ya tano. Kila picha ilihitaji barabara yake ya kupimia mwanga, na sampuli zake chache za kumzoesha mgeni. Na kila mara kikosi kilipotoka nilikiomba daftari la pili, la kuandika mahali walipozunguka na sababu yake. Daftari hilo ndilo lililonifundisha zaidi.

Mwezi wa tisa mama alituma salamu kwamba anafungua. Tulikwenda ofisi nzima, hata mwenye duka, aliyefunga duka mchana kweupe. Malisho yote ya Samuye yalikuwa yamekwisha, na upepo ulikuwa unabeba vumbi kutoka huku na kulipeleka kule. Mama aliondoa tawi la miiba lililokuwa limezuia njia. Ndama waliingia kwanza wakichezacheza, kisha wakatulia, na baada ya muda mgongo mmoja mmoja tu ulionekana juu ya nyasi. Bosi alimuuliza mama zitawatosha mpaka lini.

"Mpaka mvua," alijibu, "na zitabaki."